UZI: Usivae kwa joto la asubuhi. Namna ya kusoma utabiri wa Novemba huku Iowa na majimbo ya jirani

Mbaula_Iowa (mwanzisha uzi), Jumatatu usiku

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa Cedar Rapids, Iowa. Nje kuna joto. Dirisha la jikoni nimelifungua, jirani amekaa barazani na fulana, watoto wanakimbizana gizani juu ya majani makavu. Tuko katikati ya Novemba. Mgeni aliyefika mwaka huu, akikutana na usiku kama huu, anaamini zile habari za baridi alizosimuliwa zilitiwa chumvi.

Mimi joto la namna hii mwezi huu linanitia wasiwasi. Keshokutwa, Jumatano alasiri, kuna fronti inakuja. Nimeona katika magrupu yetu watu wanarushiana picha ya simu: kijua kidogo, kiwingu kidogo, na namba 60, yaani nyuzi za Farenhaiti. Watu wanafurahi. Ndiyo maana nimeamua kuandika leo, kabla ya Jumatano.

Kwanza, fronti ni nini. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Ikishuka kutoka Kanada haichanganyiki na hii ya kwetu kama maziwa kwenye chai. Inapenya chini yake kama kabari na kuibeua juu. Ule mpaka kati ya hewa mbili ndio fronti. Jina lenyewe walilitoa wataalamu wa Norwei waliokuwa Bergen, akiwemo Jacob Bjerknes, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu waliona hewa mbili zinakabiliana kama majeshi kwenye mstari wa vita.

Na kwa nini huku kwetu mambo ni makali hivi? Tazama ramani. Toka Aktiki ya Kanada hadi Ghuba ya Meksiko hakuna mlima hata mmoja uliolala kukinga njia. Milima ya Rocky imesimama kaskazini kwenda kusini, kama ukuta wa korido. Hewa ya Ghuba inapanda bila kizuizi, hewa ya Aktiki inashuka bila kizuizi, na sisi tuko katikati ya korido. Mwishoni mwa vuli ndipo tofauti kati yao inakuwa kubwa: kaskazini jua limeshapungua na theluji imeshatanda, kusini maji ya Ghuba bado yana joto la kiangazi.

Sasa neno langu kuu, na nitalirudia mpaka mchoke: katika siku ya fronti, usitafute kiwango cha juu cha joto. Tafuta saa. Ile 60 ya Jumatano (kama 16 za Selsiasi) ni ya kweli kabisa, hakuna aliyedanganya. Lakini ni ya saa 7 mchana. Anayetoka kazini saa 4 usiku atakuta 24, yaani 4 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Zote mbili ni hali ya hewa ya siku moja.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa zamu ya mchana kwenye kiwanda kimoja. Nilitoka nyumbani na koti jepesi la mvua, maana kulikuwa na manyunyu na joto. Nilitembea kwenye majani, suruali ikalowa hadi magotini, nikasema itakauka. Kiwandani hakuna madirisha. Zamu ilipoisha nikafungua mlango wa nje, na mlango ukarudishwa na upepo kama kuna mtu anausukuma. Nilikuwa nimelowa tena wakati wa kuosha sakafu. Kufika kituo cha basi, upindo wa suruali ulikuwa umekakamaa kama kipande cha mbao. Nikiinua mguu unanigonga kwenye mfupa. Basi la mwisho lilikuwa limeshapita. Nilitembea dakika 50. Masikio yangu mpaka leo yanaanza kuwaka moto kabla sijahisi baridi mahali pengine.

Asubuhi ile nilikuwa nimetazama simu vizuri tu. Sikutazama saa.

Marehemu baba alikuwa mvuvi Pangani. Kabla ya kuuliza upepo una nguvu kiasi gani, alikuwa akiuliza unageuka lini. Nilimsikia nikiwa mtoto sikumwelewa. Nimemwelewa Iowa.

Nitaendelea kesho na namna ya kuipata hiyo saa. Karibuni.

---

MamaMapacha

Asante sana kaka Mbaula. Mimi nina wanangu wawili darasa la pili, Coralville, jirani na Iowa City. Asubuhi wanakataa makoti kwa sababu kweli kuna joto. Nikiwalazimisha wanayavua kwenye basi. Jumatano wanatoka shule saa 9 alasiri. Nifanyeje?

---

Mzee_wa_Moline

Vijana, mimi niko upande wa Illinois tangu 1998. Hawa watabiri nimeacha kuwasikiliza. Mwaka juzi walisema theluji inchi 6, nikanunua chumvi, nikanunua koleo jipya, ikanyesha mvua tupu. Natazama mbingu tu.

---

Mbaula_Iowa, Jumanne asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikujibu kwa heshima kwa sababu hoja yako wengi wanayo.

Maji ya inchi 1 ya mvua, yakija kama theluji ya kawaida, yanatoa karibu inchi 10. Kwa hiyo inchi 6 za theluji ni maji kidogo tu, kidogo zaidi ya nusu inchi. Ukiwa upande wa baridi wa mstari unaotenganisha theluji na mvua unapata koleo la kazi; ukiwa kilomita 40 upande wa joto unapata mvua. Tofauti ya nyuzi moja au mbili hapo juu mawinguni inaamua. Mtabiri anajua hivyo, na anaandika hivyo. Shida ni kwamba alichoandika hakifiki kwetu. Kinachofika ni picha ya kitone cha theluji na namba 6.

Hapa ndipo ninapotaka sote tufike. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, National Weather Service, ina ofisi 122 za utabiri. Si ofisi moja ya Washington inayokisia kwa wote. Sisi wa mashariki ya Iowa pamoja na wewe Moline tuko chini ya ofisi ya Davenport, pale kwenye uwanja wa ndege mdogo. Wa Des Moines wako chini ya ofisi iliyoko Johnston. Wa Minneapolis ni Chanhassen. Mle ndani kuna watu usiku na mchana, na mara kadhaa kwa siku wanaandika maelezo marefu yanayoitwa Area Forecast Discussion. Ni barua ya mtaalamu: anaeleza anaona nini, kompyuta zinapishana wapi, na yeye mwenyewe ana uhakika kiasi gani. Siku ile ya inchi 6, mzee wangu, ningependa kujua maelezo yale yalisemaje kuhusu uhakika. Mara nyingi wasiwasi huwa umeandikwa waziwazi.

Kuyapata: ingia weather.gov, andika zipu kodi yako (namba ya posta ya eneo lako), shuka chini utaona neno Forecast Discussion. Hapohapo chini kuna grafu ya saa kwa saa. Fungua hiyo grafu. Tafuta mahali mstari wa joto unapoanguka kama mtu ametupa kamba kutoka darini, kisha tazama mshale wa upepo. Ukiona upepo wa kusini umegeuka wa kaskazini-magharibi katika saa ileile joto linapoanguka, hiyo ndiyo saa ya fronti.

Dada MamaMapacha: Jumatano grafu ya leo inaonyesha fronti inapita Iowa City karibu saa 9 alasiri, wakati uleule wa kutoka shule. Koti wasivae asubuhi, liwe kwenye begi, na kofia na glavu ndani ya mkono wa koti ili visipotee. Watoto hawavui kitu ambacho hawajavaa.

---

DerevaWaI80

Salaam wakuu. Mimi natembeza trela kati ya Omaha na Chicago. Naongeza ya barabarani.

Fronti kwenye barabara kuu ya I-80 unaihisi kwenye usukani kabla ya kuiona kwenye kipimajoto. Upepo wa kusini unakusukuma ubavuni kutoka upande mmoja asubuhi nzima, umeshauzoea, umeshaushikilia usukani kidogo upande ule. Halafu ghafla unapigwa upande wa pili. Trela tupu ndiyo hatari. Mwenye mzigo anayumba, mwenye trela tupu analala chini.

Kitu cha pili ni madaraja. Barabara ina ardhi chini yake na ardhi ya Novemba bado ina joto. Daraja lina hewa juu na hewa chini. Kama mvua ilinyesha mbele ya fronti, maji yamebaki juu ya lami, joto likianguka daraja linaganda kwanza wakati barabara bado ni maji. Unatoka kwenye maji unaingia kwenye barafu usiyoiona. Ndiyo ile wanaita barafu nyeusi. Haina weusi wowote, ni kioo tu, unaona lami kupitia ndani yake.

Na msidhani chumvi inatatua. Chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti, kama 9 chini ya sifuri kwenu mnaohesabu Selsiasi, chumvi ya kawaida inakuwa karibu haifanyi kazi.

---

Mkazi_wa_Minnesota

Mbaula umegusa jambo ambalo huku kwetu linasimuliwa kila Novemba 11.

Mwaka 1940, Novemba 11, ilikuwa sikukuu ya kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Asubuhi ilikuwa ya joto, na bata walikuwa wengi kuliko kawaida kwenye Mto Mississippi. Wawindaji walitoka na mashati na vikoti vyepesi, wakavuka kwa mitumbwi kwenda kwenye visiwa vidogo vya katikati ya mto. Bata walikuwa wengi kwa sababu walikuwa wanakimbia kilichokuwa kinakuja nyuma yao.

Mchana upepo ukageuka. Mvua ikawa mvua inayoganda, kisha theluji. Mawimbi ya mto yakawa makubwa, mitumbwi haikuweza kurudi. Watu walikaa usiku kucha kwenye visiwa visivyo na kibanda, wamelowa. Minnesota peke yake walikufa watu 49, karibu nusu yao wawindaji. Katika eneo zima la Midwest walikufa zaidi ya 140. Collegeville, hapa Minnesota, ilipata karibu inchi 27 za theluji. Kwenye Ziwa Michigan meli mbili, Anna C. Minch na William B. Davock, zilizama na kila aliyekuwamo. Kesho yake rubani mmoja wa Winona, Max Conrad, aliruka na ndege ndogo katika upepo uleule kuwatafuta waliobaki hai, akiwadondoshea chakula na viberiti na kuwaonyesha waokoaji njia.

Sasa sikilizeni hili. Utabiri wa eneo letu wakati ule ulitolewa Chicago, na ofisi ile haikuwa na watu usiku. Dhoruba ilikua usiku. Baada ya maafa, Chicago ikawekewa watu saa 24, na ofisi ya huku Minneapolis na Saint Paul ikapewa mamlaka ya kutoa utabiri wake yenyewe. Kwa hiyo mnapozungumzia ofisi ya karibu yenye mtu macho usiku, hicho kitu kilinunuliwa kwa wale wawindaji.

---

Mbaula_Iowa

Mkazi, asante sana. Niongeze la Iowa katika siku hiyohiyo, maana wengi hawalijui. Iowa ilikuwa miongoni mwa majimbo makubwa ya matufaha. Vuli ile ilikuwa ya joto, na miti haikuwa imejiandaa kwa baridi, utomvu ulikuwa bado unatembea. Fronti ilipopita miti ikaganda ingali hai. Mashamba mengi yalikufa, na wakulima badala ya kungoja miaka miti mipya izae wakageukia mahindi na soya. Nikipita kwenye mahindi yasiyo na mwisho ya njia ya kwenda Waterloo huwa nalikumbuka hilo. Baridi ya Januari mti unaivumilia kwa sababu umeshajiandaa. Ni ya ghafla inayoua. Na mtu ni vivyo hivyo.

Halafu kuna Novemba 11 nyingine, ya 1911. Kansas City siku ile ilifika nyuzi 76, na kabla ya saa 6 usiku ilikuwa 11. Nyuzi 24 za Selsiasi hadi 12 chini ya sifuri, siku moja. Janesville, Wisconsin, tornado iliua watu 9, na waliokuwa wanafukua vifusi wakajikuta ndani ya theluji na baridi kali usiku uleule.

Na utabiri wenyewe wa nchi hii ulianzia maeneo haya, kwa sababu ya hizihizi dhoruba. Increase Lapham wa Milwaukee alihesabu meli zilizopotea kwenye Maziwa Makuu, akapeleka hoja, na Februari 1870 Rais Grant akasaini azimio la kuanzisha huduma ya taifa. Onyo la kwanza la dhoruba Lapham alilitoa Novemba 8, 1870, kwa ajili ya maziwa haya. Mwezi uleule wa Novemba!

---

Ndugu_wa_Bukavu

Jambo kwenu bandugu. Miye niko Des Moines, natokea Bukavu. Asanti sana kwa hii uzi.

Mimi Kingereza kinanisumbua. Kwenye simu inalia, inaandika maneno mengi, sijue kama ni ya kukimbia ao ni ya kungoja. Bamama wengi wa kanisa letu ni vilevile, wanafanya kazi usiku, wanauliza batoto ndio wawasomee. Watch, Warning, Advisory: tofauti ni gani? Na hii Z wanayoandika nyuma ya saa ni kitu gani?

---

Mbaula_Iowa

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili mazuri kuliko yote ya uzi huu.

Watch maana yake kaa macho: viungo vyote vipo, chakula hakijaiva. Inaweza kuja siku moja au mbili kabla. Warning maana yake limefika au haliwezi tena kukwepeka, fanya sasa. Advisory ni ya jambo litakalokusumbua na linaweza kukuumiza ukizembea, lakini si kubwa kama Warning. Tangu Oktoba 2024 onyo la zamani la baridi ya upepo limebadilishwa jina, sasa ni Extreme Cold Warning, na lile dogo ni Cold Weather Advisory. Ukiona maneno haya usihesabu nyuzi za kawaida tu. Nyuzi 20 na upepo wa maili 25 kwa saa, ngozi inahisi nyuzi 3.

Sasa Z. Hapa naomba kila Mswahili asogee karibu.

Wataalamu wa hewa dunia nzima wanatumia saa moja, ya Greenwich, na wanaiandika kwa Z. Sisi wa Iowa, Minnesota, Illinois, Wisconsin na Missouri, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinaporudishwa nyuma, tuko saa 6 nyuma ya Greenwich. Na saa ya Kiswahili inapishana na saa ya Kizungu kwa saa ngapi? Sita!

Hesabuni wenyewe. 15Z huku ni 9 asubuhi ya Kizungu: saa 3 asubuhi. Toa 12 kwenye 15, unapata 3. 18Z ni adhuhuri, saa 6 mchana. 21Z ni saa 9 alasiri. 03Z ni saa 3 usiku, 09Z ni saa 9 usiku, hata kutoa huna haja. Siku yao ya Z inaanza 00Z, na 00Z kwetu ni saa 12 jioni, palepale siku ya Waswahili inapoanzia. Sifuri hadi 11 ni usiku wetu, 12 hadi 23 ni mchana wetu.

Siku nilipoligundua hili nilikuwa nimekaa kwenye gari nikisubiri zamu, nasoma maelezo ya Davenport kwenye simu. Mtaalamu kaandika fronti itafika karibu 21Z. Mwenzangu Mmarekani kando yangu anahesabu kwa vidole. Mimi nikamwambia moja kwa moja. Nilisikia furaha ya ajabu. Miaka yote nilidhani saa ya bibi yangu ni kitu cha kuacha uwanja wa ndege.

---

Kijana_wa_Columbus

Mkuu nimejaribu huku Ohio haikubali, 21Z kwetu ni saa 10.

---

Mbaula_Iowa

Sahihi kabisa, mdogo wangu. Ohio, Michigan na sehemu kubwa ya Indiana mko saa ya Mashariki, ongeza moja. Na kwetu pia kiangazi tunaongeza moja. Inalingana kwa usahihi miezi ya baridi tu, na ndiyo miezi tunayoihitaji.

Hata puto zinalingana. Ofisi ya Davenport hurusha puto la hali ya hewa mara mbili kwa siku, kwa ajili ya vipimo vya 12Z na 00Z, na hulirusha kama saa moja kabla: saa 11 alfajiri na saa 11 jioni. Nimelishuhudia mara moja jioni ya Novemba kutoka kandokando ya barabara. Puto jeupe, upana wake kama mikono yangu miwili ikinyooshwa, chini yake kamba ndefu na kiboksi chepesi kinachoning'inia. Mtu alilishika kwa mikono miwili akangoja upepo utulie, kisha akaliachia. Halikupanda wima. Lilikimbia pembeni kwanza, kiboksi kikaruka nyuma yake, ndipo likaanza kupanda, na kwa kuwa jua lilishazama kwetu lakini si kwa huko juu, likang'aa kama nyota hadi nilipolipoteza. Linapanda zaidi ya kilomita 30, likitanuka hadi lipasuke, huku kiboksi kinatuma joto, unyevu na mgandamizo kila hatua. Bila hayo, mtabiri hajui kama hewa ya juu inatoa theluji au mvua. Mzee wetu wa Moline, inchi zako 6 zinaamuliwa huko.

Mwaka 2025, kwa upungufu wa wafanyakazi, baadhi ya vituo vya eneo hili vilipunguza kurusha puto. Green Bay ilipunguza, na Omaha ikasimamishiwa kabisa kwa muda. Mimi liliniuma. Omaha iko magharibi yetu, na fronti zinatoka huko kuja kwetu.

---

MamaMapacha

Kuhusu lugha aliyosema Ndugu wa Bukavu: nasikia wanatafsiri?

---

Mbaula_Iowa

Idara ilianza kutafsiri kwa Kihispania, ikaongeza Kichina, Kivietinamu, Kifaransa na Kisamoa. Kifaransa kinawasaidia ndugu zetu wa Kongo waliosoma. Kiswahili hakimo. Agosti 10, 2020, ile dhoruba ya upepo ilipoangusha miti ya mji wetu huu wa Cedar Rapids, nilikutana na familia kwenye ngazi za jengo letu ambazo hazikujua kabisa kwamba kulikuwa na onyo. Sitaki kuliona tena hilo. Ndugu wa Bukavu, grupu la kanisa lenu lina watu wangapi?

---

Ndugu_wa_Bukavu

Mia moja na kitu. Wengi hawasomi, lakini sauti wanasikiliza. Nimeelewa Z. Leo nitasoma ile ya Johnston, mtoto wangu mkubwa anisaidie maneno, nitaongea ku grupu kwa sauti: saa gani inafika, vaa nini, nani abebe nani kwa motokari. Kwa Kiswahili chetu.

---

Mzee_wa_Moline

Mbaula, marahaba. Nimefungua hayo maelezo ya Davenport, mjukuu kanisaidia. Nimeyasoma yote. Sikujua kama kuna mtu anaandika hivi. Ameeleza vizuri kwamba mvua itakuwa chache, shida ni upepo na kuganda kwa barabara baada ya jua kuzama. Nimekuwa nikimlaumu mtu ambaye sijawahi kumsikiliza.

Ila na mimi niwaachie langu la kutazama mbingu. Ikikaribia, upande wa kaskazini-magharibi chini kabisa utaona ukanda wa wingu la rangi ya samawati-kijivu, umenyooka kama umepigwa rula, na juu yake kweupe. Na ndege wadogo wananyamaza. Ukiona hivyo una nusu saa.

---

DerevaWaI80, Jumatano

Niko Walcott, karibu na Davenport, nimepaki. Imenipita maili 30 nyuma, upepo umegeuka nikiwa darajani. Wakuu walio mashariki yangu, inakuja.

---

Ndugu_wa_Bukavu, Jumatano

Des Moines ilifika mapema, saa 7. Sauti nilituma jana mara mbili. Mama mmoja alinipigia leo ku kazi, anasema kila mtu alimuuliza kwa nini amebeba koti kubwa na jua linawaka. Sasa wako wanamuomba lifti.

---

MamaMapacha, Jumatano

Imefika Coralville. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi la shule. Upepo ulikata kabisa, kimya, kama dakika mbili. Halafu majani yote ya barabarani yakaondoka kwa pamoja kuelekea upande mwingine. Wanangu walishuka tayari wameshavaa, mmoja kavaa glavu kinyume.

---

Mbaula_Iowa, Jumatano usiku

Kwenye kibaraza changu, saa 8 mchana 59. Upepo uligeuka saa 9 kasoro dakika 20, maelezo ya asubuhi yalisema 21Z. Saa 10 na nusu 36. Sasa ni saa 3 usiku, 25, na kile kidimbwi cha mbele ya mlango ambacho watoto walikuwa wanakanyaga juzi kimeshika utando mwembamba wenye mistari kama jani la mgomba. Nimemwagia mchanga. Walio zamu ya usiku, mlango wa nje wa kazini fungueni kwa mikono miwili.